Mama wa Kukubali Kwanza

Hakuna mwanamke mtaani Mwangaza aliyetaka kuigiza Mama wa Kukubali Kwanza. Amondi alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba, na kila alikobisha alipewa chai na kunyimwa jibu. Watu wa Mwangaza wanajuana mno. Kuna dada mmoja aliyeigiza mwizi katika mchezo wa Krismasi kanisani, na mpaka leo akiingia dukani mwenye duka hukatiza simu yake ili amwangalie vizuri. Basi Amondi aliporudi nyumbani amechoka, mama yake, Roseline Aluoch, aliyekuwa akisonga ugali, akasema bila kugeuka kwamba yeye angeweza.

"Wewe, Mum?"

"Kwani kukubali ni kazi? Babako nimemkubali miaka yote hii."

Seth Opiyo, huyo baba aliyekubaliwa, alikuwa kwenye kochi na gazeti la jana. Alikuwa karani katika ghala la vipuri vya magari, mtu wa maneno machache, na hayo machache alipenda kuyatumia kazini. Alifunua ukurasa, akaendelea kusoma habari za mpira.

Amondi alikuwa mwaka wa pili chuoni akisomea uandishi wa habari. Kama hilo halitoshi kumchosha mtu, alikuwa pia kiongozi wa kundi la sanaa la vijana wa mtaa, na mhariri wa gazeti la mtaa. Gazeti lenyewe lilikuwa kurasa nne za fotokopi, likigawiwa bure na kutumiwa kwa bidii kufungia mandazi. Majirani walimsifu sana mbele ya mama yake. Kisha walimuuliza mama yake kama msichana ana mpango wa kutafuta kazi.

Jambo lililokuwa likimkosesha usingizi lilikuwa Mradi wa Makao Mapya. Mwangaza ni mtaa wa zamani, nyumba za chini zenye mabati, zimebanwa kati ya Donholm na Fedha zenye magorofa na Dandora yenye moshi. Wenye mradi walitaka kuzibomoa nyumba zote na kujenga ghorofa. Sheria iliwataka kwanza wafanye kikao cha maoni, wananchi wakubali kwa kuinua mikono. Baada ya hapo watu wangehama kwa muda. Waende wapi, hakuna aliyesema. Wakirudi wangepata mlango au wangepata askari wa getini, hilo pia hakuna aliyelisema. Seth alizaliwa katika nyumba ile ile alimokuwa akisomea gazeti. Baba yake alikuwa mtu wa reli na alifia katika chumba kile ambacho Amondi alilala sasa. Roseline hakuwa na nyumba nyingine popote duniani isipokuwa ya mama mkwe wake kule Siaya, ambako hakutakiwa sana.

Basi Amondi akaenda kwenye kikao cha mradi huo huo katika mtaa mwingine, akarekodi hotuba yote ya afisa kwa simu, akaitia kwenye mchezo neno kwa neno. Hakuongeza kitu. Alisema taaluma yake haimruhusu.

Mchezo ulikuwa rahisi. Mbaluka, kijana mwenye kitambi cha mapema, aliingia ukumbini amevaa jaketi la manjano linalong'aa, akasoma hotuba, kisha akauliza watazamaji: "Je, mnakubali?" Hapo Mama wa Kukubali Kwanza alisimama katikati ya watu, akainua mkono, akasema: "Mimi nakubali kwa mikono miwili! Na sisi watoto wetu wakae ghorofani kama wa Fedha!" Watazamaji walitakiwa wamfuate. Walipomfuata tu, vijana wa kundi walianza kuwanyang'anya viti, kimoja kimoja, mpaka ukumbi mzima ukawa umesimama wima unatazamana.

Fundisho lilikuwa kwamba wasikubali haraka. Lakini watu waligundua mapema kwamba wasipoinua mikono viti havichukuliwi, na mchezo unaisha kabla haujanoga. Kwa hiyo waliinua. Waliinua kila Jumamosi, watoto kwa wazee, wakicheka kabla hata Mbaluka hajamaliza kuuliza.

Na Roseline alikuwa hodari. Hilo hakuna aliyelitarajia, yeye mwenyewe zaidi ya wote. Kwa miaka mingi alikuwa ameongea na watu waliokuwa wakitazama kitu kingine: watoto, simu, chungu. Sasa alisimama na watu zaidi ya mia wakanyamaza kungoja atakachosema. Alianza kupaka mafuta ya midomo siku za Jumamosi. Nthoki, jirani yake wa mlango wa pili, alikuwa wa kwanza kupiga makofi na wa mwisho kuacha, na kwenye mfereji wa maji akamwita "staa" mbele ya watu. Roseline alikanusha kwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe tena. Alikuwa na furaha, basi, na hakuona sababu ya kuificha.

*

Jumamosi ile mambo yaliharibika kwa utaratibu.

Mbaluka alikuwa amekwenda Machakos kumzika mjomba wake. Amondi akamwambia mama yake asijali, amepata mtu mwingine wa kuigiza afisa, wangefika pamoja. Kisha stima ikapotea mtaani, na kibanda cha fotokopi kikafungwa, ikabidi Amondi aende Donholm kuchapisha gazeti. "Mum, mkae tu mkitungoja," alisema. "Tukichelewa, waimbishe watu."

Saa tisa ukumbi ulikuwa umejaa. Roseline alikuwa kiti chake cha katikati. Nthoki alikuwa nyuma yake na mfuko wa njugu. Likaingia gari jeupe, wakashuka mwanamume mwenye jaketi la manjano linalong'aa, msichana mwenye kompyuta, na kijana mwenye kamera.

Roseline aliguswa. Mtoto wake alikuwa amehangaika mpaka amepata gari.

Mwanamume yule alishika kipaza sauti, akajitambulisha kuwa ni Nalianya kutoka ofisi ya mradi, akaanza kusoma. Ilikuwa hotuba ile ile. Kikao kilikuwa kimetangazwa, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, kwa karatasi iliyobandikwa kwenye ubao ndani ya ofisi ya mradi, huko mjini, ghorofani. Nalianya mwenyewe hakutarajia mtu. Alikuwa amekuja kukuta viti vitupu, avipige picha, arudi zake nyumbani mapema.

"Huyu hajui," Nthoki alimnong'oneza Roseline. "Mbaluka hupapasa tumbo hapo kwa neno 'maendeleo'."

"Ni mgeni. Mwache azoee."

"Hata hapumui."

Roseline alimwonea huruma. Alikumbuka Jumamosi yake ya kwanza, akaamua kumsaidia. Nalianya alipofika kwenye swali, sauti yake ikiwa imeanza kukauka, hata hakumaliza. "Je, wananchi, mna—"

"Mimi nakubali kwa mikono miwili!" Roseline alikuwa amesimama. Hakuwahi kulisema vizuri namna ile. "Na sisi watoto wetu wakae ghorofani kama wa Fedha!"

Ukumbi ulilipuka. Mikono yote ikaenda juu. Watoto waliinua yote miwili. Mzee mmoja wa kiti cha magurudumu aliinua mkongojo. Kijana wa kamera alipanda juu ya benchi ili asikose kitu.

Nalianya aliwatazama kwa muda. Alikuwa amezungushwa mitaa mingi, amezomewa, na mahali fulani alimwagiwa maji ya kuoshea samaki. Alitoa kitambaa akajifuta macho.

"Mama, ubarikiwe sana. Unaitwa nani?"

Hilo halikuwa kwenye mchezo, lakini Roseline alijua msanii hodari habaki bubu. "Roseline Aluoch Opiyo," alisema kwa sauti ya kufika mlangoni. "Nyumba namba kumi na saba, safu ya D." Msichana wa kompyuta akaandika. Roseline akangoja amalize, akamtajia tena namba ya nyumba asije akakosea.

Kisha watu wakangoja viti vichukuliwe. Nalianya alishukuru, akamwomba mtu afunge kwa sala, na mtu akafunga. Akaelekea garini.

"Na viti?" Nthoki alipaza sauti.

"Viti gani, mama?"

"Si mtunyang'anye viti!"

Nalianya alicheka kwa upendo mwingi. "Viti ni vyenu, mama. Kaeni."

Gari liliondoka. Watu walibaki wamekaa, wengine wakidhani ni mwisho mpya, na kwamba wa zamani ulikuwa bora. Haukupita muda Amondi akaingia mbio, amekumbatia magazeti, na nyuma yake kijana mrefu anayeitwa Kweyu, ambaye Roseline hakuwahi kumwona. Kweyu alikuwa amevaa jaketi la manjano linalong'aa.

"Sorry, mathe zangu, jam ilikuwa noma," Kweyu alisema. "Tuanze?"

*

Jumatatu iliyofuata video ya kikao ilikuwa kwenye simu zote za mtaa. Ijumaa bango lilisimamishwa kando ya barabara ya Outer Ring. Lilimwonyesha Roseline amefungua kinywa na mkono juu, midomo inang'aa, jina lake chini kwa herufi ndogo, na maandishi makubwa: WAKAZI WA MWANGAZA TUMEKUBALI. Seth alilipita kila asubuhi akienda kazini na kila jioni akirudi. Wenzake ghalani walimpongeza, wakamuuliza kama mkewe anaweza kuwasaidia kupata ghorofa ya pili, wasipande ngazi sana.

Kwenye mfereji watu walikuwa wakiongea, Roseline akifika wakakumbuka kazi nyumbani. Nthoki hakumsalimu. Alimpisha kwenye foleni, akamwambia, "Pita tu, bwana, wewe ndiye mwenye mtaa," na wenzake wakatazama ndoo zao. Siku hiyo Roseline alirudi na nusu ya maji. Aliketi jikoni, akalia kwa hasira ya mtu aliyepigiwa makofi na watu wale wale.

Ofisi ya mradi ilitoa wiki mbili za kuwasilisha pingamizi. Ujumbe ulifika kwa kundi la simu la mtaa saa za chakula cha jioni, na Amondi akausoma kwa sauti, kisha akafungua kompyuta yake palepale mezani, kando ya sukuma wiki.

"Unaandika nini?" Roseline aliuliza.

"Stori ya gazeti. Nina video ya mchezo, ya mwezi jana. Maneno ni yale yale, Mum. Nikiiweka pamoja na yao, watu wataona ulikuwa unaigiza."

"Usiandike jina langu."

"Jina lako liko kwa bango Outer Ring."

"Hapo waliandika wao. Wewe andika 'mkazi mmoja'. Si hivyo ndivyo huwa mnaandika?"

Amondi aliacha kuandika. "Nikificha jina la mamangu, kesho nitaandika jina la mtu mwingine na uso gani?"

"Huyo mtu mwingine hakukuzaa."

"Mum, please."

"Hapana, niambie. Ulinipa maneno, nikayasema. Uliniambia nikae nikungoje, nikakaa. Sasa unataka kuniweka kwa gazeti, watu wasome kwamba mama yako ni mjinga, hajui mchezo na hajui ukweli. Wafungie mandazi na mimi." Sauti yake ilipotea njiani. "Wewe ndiye ulipaswa kuwa pale."

"Najua," Amondi alisema. "Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza. Nimeshaiandika."

Alimgeuzia kompyuta. Roseline hakuwa na miwani, na hakutaka kuomba miwani wakati wa ugomvi, hivyo alikaza macho tu kwenye mwanga. Watu wa kundi walikuwa wamemkataza Amondi asichapishe. Walisema watachekwa mpaka Kayole, kundi la sanaa lililouza mtaa wake. Chuoni alikuwa akigombea uongozi wa chama cha wanahabari, na hili halingemsaidia. Hakumwambia mama yake lolote kati ya hayo, na mama yake alijua yote, kwa sababu nyumba ile ina kuta nyembamba.

Seth alikunja gazeti. Wote wawili walimgeukia, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kulikunja kabla ya kulimaliza.

"Andika," alisema. "Andika jina lake lote. Na uandike pia kwamba mimi nilikuwa mlangoni nimetoka kazini, na nikainua wangu."

"Ulikuwa pale?" Roseline aliuliza. "Wewe pia ulidhani ni mchezo?"

"Sikuuliza kama ni mchezo." Seth alitafuta mahali pa kuweka macho, akayaweka kwenye chumvi. "Nilikuona umeinua mkono. Nikainua."

Kisha Roseline akamwambia binti yake asisahau kwamba Aluoch inaandikwa kabla ya Opiyo, maana kwenye bango walikosea.

*

Gazeti lilitoka, likasomwa, na kwa wiki moja mandazi ya Mwangaza yalifungiwa karatasi za vitabu vya shule. Watu walianza kumsalimu Roseline tena, nusu nusu. Nthoki alimletea muhogo, akasema ni mwingi tu kwake, akaondoka kabla hajakaribishwa.

Siku ya kusikiliza pingamizi, ukumbi ulijaa kuliko Jumamosi yoyote. Ofisi kuu ilimtuma mwanamke anayeitwa Deeqa kuongoza, mtu wa sauti ya chini na miwani ya kamba, na yule msichana wa kompyuta kuandika. Nalianya aliketi kando yake. Hakuonekana kama aliyelala vizuri. Amondi alikuwa mbele na simu yake na kalamu, pamoja na kundi lake lote, na Mbaluka amerudi kutoka matangani, safari hii bila jaketi.

Video mbili zilionyeshwa ukutani, moja baada ya nyingine. Kwenye zote Roseline alisimama, akainua mkono, akataja Fedha. Watu waliguna.

"Nimeona," Deeqa alisema. "Bwana Nalianya?"

"Madam, na mimi nimeona. Lakini inanionyesha tu kwamba mama anapenda maendeleo kwa mchezo, na anapenda maendeleo kwa ukweli." Hakuwa mtu mbaya. Siku ile ilikuwa siku bora ya kazi yake, na sasa alikuwa ameitwa kuirudisha. "Hakuna aliyemlazimisha. Alinipa hadi namba ya nyumba. Akairudia."

"Mama Roseline," Deeqa akasema. "Simama utueleze."

Roseline alisimama. Hakuwa amepaka kitu midomoni. Alikuwa amejiandaa usiku kucha, na alipofungua kinywa maneno yote yalikuwa yamekwenda. Alisema alidhani afisa ni mwigizaji mgeni. Alisema alimwonea huruma. Alisema ile nyumba baba mkwe alifia ndani, na kwamba yeye hana pengine pa kwenda, na kama wangemuuliza kwa ukweli angekataa, angekataa mbele ya mtu yeyote. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke.

Nalianya aliinua kidole, akaomba nafasi. Alimuuliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Mama, siku ile ulisimama hapo hapo, ukasema kwa uchungu, watu wote tukakuamini. Mimi nilitoa machozi. Leo umesimama tena, unalia. Tutajuaje kama hata sasa huigizi?"

Amondi aliinuka nusu kutoka kitini. Roseline alimwashiria akae. Lilikuwa swali la haki, na hilo ndilo lililomuuma. Alifikiri. Watu wote ukumbini walikuwa wamemtazama, wale wa mfereji, wale wa ghalani waliokuja na Seth, Nthoki na mikono yake juu ya mapaja.

"Nikiigiza hupigiwa makofi," alisema. "Sasa hivi sikiliza, bwana, uone kama kuna anayepiga."

Nalianya alisikiliza. Deeqa alisikiliza. Nje, fundi mmoja alikuwa akichomelea mlango wa chuma, akanyamaza, akaanza tena. Ndani hakuna aliyekohoa.

Deeqa alivua miwani. Alimwambia msichana wa kompyuta afute kikao cha Jumamosi ile chote, mikono na majina, aandike kwamba maoni yatachukuliwa upya, na kwamba safari hii tangazo libandikwe kwenye kila mlango wa Mwangaza. Msichana alifuta. Nalianya alitazama kioo cha kompyuta mpaka akamaliza.

Roseline alikuwa bado amesimama, hajui kama amemaliza. Hakuna aliyepiga makofi, hata Nthoki, hata binti yake. Seth alimvuta sketi kidogo, akamwambia akae.